Mwaka wa Siku Tatu

Mume wangu Teodori ana miaka hamsini na nne, lakini ukimuuliza mwenyewe atakuambia ana karibu elfu sita na mia nane. Usimcheke mbele yake. Atataka kukueleza, akianza kueleza pumzi inaisha, na pumzi ikiisha anayekimbia ni mimi. Kwa hiyo acha nieleze mimi. Nimechoka, lakini nitaeleza.

Mimi ni Gaudiosa. Hapa Bonga watu wananiita Mama Valeria, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Asubuhi nakaanga perege sokoni Babati, mchana nikibahatika nafika shambani Mutuka kwenye mahindi na mbaazi, jioni narudi kumwogesha mtu mzima. Huu ni mwaka wa tatu. Majirani wananisifu, eti Mama Valeria una moyo. Moyo gani jamani? Sina wa kunipokea tu, basi.

Teodori hakuzaliwa mgonjwa. Nilimfahamu kijana wa Kiiraqw aliyeshuka kutoka Mbulu, mrefu, anabeba gunia la mahindi huku anapiga mluzi. Na kuongea! Weee, mtu yule alikuwa anaongea. Sisi Wairaqw tuna dua yetu tunaiita slufay. Mtu mmoja anatamka mstari, wengine wote wanaitikia. Inaanzia kwenye nchi na mvua, inakuja kwenye ng'ombe, inakuja kwenye ukoo, halafu mwishoni kabisa ndiyo wanafikiwa watoto. Ni kazi ya wazee wenye mvi, lakini yeye walimruhusu akiwa na miaka ishirini na tano kwa sababu ya sauti yake. Sauti hiyo ndiyo iliyoniponza na mimi, niseme ukweli.

Tulipooana akaenda Mererani kuchimba tanzanite. Ni mkoa wetu huu huu wa Manyara, lakini alivyokuwa anapotea ungedhani amekwenda Ulaya. Miaka kumi na saba alikuwa apolo, ndivyo wanavyowaita wanaoshuka shimoni. Wenyewe wanasema jina lilitokana na vile vyombo vya Wamarekani vilivyokwenda mwezini, maana na wao wanakwenda mbali na hawana hakika ya kurudi. Alikuwa anakuja Krismasi, anakuja msiba, anakaa wiki, anaondoka. Watoto watatu nimewalea mwenyewe kwa mafuta ya samaki. Alipata mawe madogo madogo, moja likatujengea vyumba hivi vitatu tunavyokaa, na hilo simnyimi.

Kule chini vumbi lilikuwa halimwachi mtu aone mkono wake. Walikuwa wanafunika pua? Hawafuniki. Wao wana maziwa. Apolo akitoka shimoni anakunywa maziwa, eti yanasafisha kifua, vumbi lote linashuka tumboni linatoka. Nchi nzima ya wafugaji, nani angebisha kuhusu maziwa? Hata mimi, akija nyumbani, nilikuwa namwekea kibuyu pembeni na kuwanyima watoto. Nilikuwa namsimamia, kunywa Baba Valeria, kunywa umalize. Nikikumbuka hapo najisikia vibaya mpaka leo.

Kikohozi kilipoanza alitibiwa TB, miezi sita. Hakikuisha. Akatibiwa tena, miezi sita mingine. Mwishowe daktari mmoja akamwuliza alikuwa anafanya kazi gani, akapiga picha ya kifua, akatuambia si TB, ni vumbi la mawe, limekaa humo ndani na mapafu yamekuwa magumu. Dawa ya kulitoa hakuna. Tangu siku hiyo Teodori anaongea maneno manne, matano, halafu anasubiri. Usipojua utadhani amemaliza, unamjibu, unamkata. Watu wengi waliacha kuja kuongea naye kwa sababu hiyo, nami nawaelewa, maana inachosha.

Sasa Aprili akaja Filbert.

Filbert ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, watu wao wanatoka Dareda, na alikuwa anamtaka Valeria. Alikuja Jumapili baada ya misa kujitambulisha, amevaa koti la suti lenye mabega makubwa kuliko yake. Kijana alikuwa anaogopa huyo! Alileta asali, kama inavyotakiwa. Akaamkia, "Shikamoo Baba, shikamoo Mama," akakaa ukingoni mwa kiti. Mimi nikaenda kupakua. Nikawa nasikia kimya, kimya, kimya. Nikasema moyoni, huyu naye ataaga sasa hivi kama wengine.

Kumbe kijana, kwa kukosa cha kusema, alikuwa ametoa karatasi mfukoni. Aliambiwa na Valeria kwamba baba alichimba tanzanite, akaona amletee habari.

"Baba," akasema, "kuna sayari inaitwa Tanzanite."

Teodori akamtazama. "Wapi?"

"Mbali sana, Baba. Nje kabisa ya mfumo wa jua letu. Ina jua lake, na hilo nalo lina jina la kwetu, linaitwa Mpingo. Mwaka 2019 kila nchi ilipewa nyota moja na sayari yake izipe majina. Watanzania wakachagua hayo."

Mimi huko jikoni nikacheka. Wenzake wanaleta asali na blanketi, huyu ametuletea asali na sayari.

Lakini Teodori aliuliza tena. Akauliza ni umbali gani. Filbert akasema mwanga wenyewe, unaokimbia kuliko kitu chochote, unatumia miaka kama elfu moja na mia mbili kufika hapa. Akauliza ni kubwa? Filbert akasoma kwamba upana wake ni kama dunia kumi na sita zimepangwa mstari, na uzito wake ni zaidi ya dunia mia saba. Akauliza nani ameiona. Nilikuwa natarajia kijana ababaike hapo.

"Hakuna aliyeiona, Baba. Wanaitazama ile nyota. Kila baada ya siku tatu, kasoro saa mbili na kitu, mwanga wake unapungua kidogo mno, hata nusu ya sehemu moja ya mia haifiki. Halafu unarudi. Ndipo wakajua kuna kitu kinapita mbele yake."

Teodori akasubiri pumzi. Filbert, Mungu ambariki, naye akasubiri. Hakumkata.

"Kama sisi," Teodori akasema. "Walio juu hawakuoni. Wanajua uko hai... kamba ikitikisika."

Siku ile waliongea mpaka wali ukapoa. Joto lake? Zaidi ya nyuzi elfu moja na mia saba, chuma kinayeyuka. Unasimama wapi? Husimami popote, ni gesi tupu, hakuna ardhi. Teodori akatikisa kichwa, akasema hata shimo namba fulani kule Mererani lilikuwa hivyo hivyo, joto na gesi na hakuna pa kusimama. Nikamsikia anacheka. Kicheko chake kinaishia kwenye kikohozi, lakini kilikuwa kicheko. Halafu akauliza mwaka wake ni siku ngapi, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Kwa sababu sayari ile inazunguka jua lake mara moja kwa hizo siku tatu kasoro. Huo ndio mwaka wake. Umeshaisha. Filbert alipiga hesabu kwenye simu: Baba una miaka elfu sita na mia saba tisini na kitu. Mzee akanyoosha shingo kama amepewa cheo.

Basi tukawa na mwaka mpya kila siku ya tatu. Mimi nimebeba ndoo, nimechelewa sokoni, mafuta ya kukaangia yameisha, naye anaita kutoka kitandani: "Mama Valeria... heri ya mwaka mpya." Mwanzoni nilijibu kwa heshima. Baadaye nikawa nasema haya, na wewe pia, kunywa uji.

Akaanza kunisimulia mambo ya huko, ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya Filbert. Filbert alisema wataalamu wanadhani upande mmoja wa sayari unatazama jua lake siku zote na mwingine hauoni jua kabisa. Teodori akajaza mengine mwenyewe. Akasema upande wa mchana jua ni pana mara hamsini ya letu, na hilo Filbert alilikubali, lakini akaongeza kwamba upepo unatoka huko ukiwa mweupe, ukifika upande wa giza unapoa na kuwa wa bluu, ile bluu ya tanzanite ikishapikwa motoni, na unanyesha. Mawe yenyewe yananyesha. Hakuna anayeshuka kuyatafuta. Unatandika turubai, unakaa, unasubiri. Na vumbi hakuna, alinihakikishia, kwa sababu hakuna udongo. Alitumia nusu saa kusema hayo. Nilikuwa natoa miba kwenye mboga yake, na nikiri tu, nilisikiliza.

Posa ya Filbert tuliikubali, na sherehe ya kumuaga Valeria tukaipanga Julai, mahindi yakishavunwa. Ndipo likaja suala la dua. Binti akiagwa, baba ndiye anayetamka slufay. Shemeji yangu Sylvesta, kaka yake Teodori, alikuja kutoka Mbulu kuzungumza, akakaa na kofia yake magotini.

"Shemeji," akaniambia mimi, kama vile mwenye habari hayupo, "hii dua haikatwi katikati. Ikianza na mvua lazima ifike kwa watoto. Ikikatika, imekatika na baraka yake. Mdogo wangu hawezi. Nitatamka mimi."

Alisema kwa upole, na kusema kweli niliona ana haki. Nilishaona mtu akijaribu kusema "naomba chumvi" akashindwa kufika kwenye chumvi.

Teodori akainua mkono. Tukasubiri. "Nilikosa ubatizo wake," akasema. Akapumua. "Nilikosa komunio. Nilikosa kipaimara." Akapumua tena, kwa muda mrefu. "Hii natamka mimi."

Sylvesta hakubisha. Alisema tu, haya, zimebaki siku tisini na moja, tutaona.

"Thelathini na moja," Teodori akasema. Kaka yake akanitazama kama ananiuliza kichwa nacho kimeharibika. Nikamwambia, shemeji, ni miaka, achana nayo.

Akaanza mazoezi. Kila siku jioni nikirudi namkuta ameegemea mito miwili, macho kwenye dari, anatamka kwa Kiiraqw. Nchi iwe baridi, yaani iwe na amani. Anapumua. Mvua ije polepole. Anapumua. Mwezi wa kwanza alikuwa anafika kwenye mvua. Mwezi wa pili akafika kwenye ng'ombe. Kufika kwa watoto hakuwahi kufika, anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi, namwinua, namgonga mgongo, nafuta. Namwambia acha Baba Valeria, kaka yako atasema. Anatikisa kichwa. Nitasema nini zaidi? Mtu akitaka kujiua kwa maombi utamzuiaje?

Kuna siku moja ya Juni nilirudi nimevuna kutwa, mgongo haunyooki. Nikakuta uji umemwagika kwenye blanketi nililofua jana yake. Nikainama kuukusanya. Juu yangu nikasikia: "Heri ya mwaka..."

"Koma!" nikamwambia. "Koma na mwaka wako! Hivi kwa hesabu zako hizo, mimi nimekuuguza miaka mingapi? Hebu niambie. Niambie nijue!"

Hakukasirika. Alitazama dari, nikajua anapiga hesabu. Nikaendelea kusugua blanketi kwa hasira, sikumsubiri, lakini jibu likaja.

"Mia tatu... na sabini na kitu."

Nikakaa chini kwenye sakafu. Nikacheka, halafu nikalia, halafu sikujua ninafanya lipi. Kwa sababu ilikuwa sawasawa. Kila mtu alikuwa ananiambia miaka mitatu, Mama Valeria, mitatu si mingi, fulani kauguza kumi. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyetaja idadi niliyokuwa naisikia mwilini mwangu. Nilimwambia nimechoka, Teodori. Sikumwita Baba Valeria, nilimwita jina lake. Nikamwambia kuna asubuhi naamka natamani nikute maisha yameisha, yako au yangu. Akasema, "Najua." Basi, nikafua blanketi, akala ugali kidogo, tukalala.

Siku ya kumuaga Valeria ilikuwa Jumamosi. Turubai lilifungwa hapa uwanjani kwetu, viti mia mbili, watu wa Dareda upande huu, watu wa Mbulu upande ule. Tulimvalisha Teodori suti ya Sylvesta, ikampwaya, nikaipiga pini mgongoni. Alikaa mbele kwenye kiti chenye mikono. Valeria aliingia na wenzake wakicheza, mzuri mpaka nikasahau miguu inavyouma. Kamati ilikuwa imeleta mshereheshaji kutoka mjini, kijana wa maneno mengi, poa sana, kila kitu kwake poa sana. Nilimfuata kabla ya sherehe, nikamwambia mwanangu, mzee anaongea kwa vituo, usimwingilie. Akasema usijali Mama, nipo makini.

Ilipofika saa ya dua Teodori hakukubali kusaidiwa kipaza sauti. Alikishika mwenyewe. Valeria na Filbert wakapiga magoti mbele yake. Wazee wakavua kofia.

"Nchi iwe baridi," akatamka. Watu wakaitikia.

Akapumua. Kipaza sauti kilichukua pumzi ile, ikasikika uwanja mzima, inakwaruza. Nikaona watu wanatazama chini.

"Mvua ije polepole." Wakaitikia.

Kisha akanyamaza. Mimi nilijua anakusanya. Nilikuwa nahesabu, kwa kawaida anafika kumi na tano, ishirini. Mshereheshaji hakuhesabu. Akaona mzee ameinamisha kichwa, akadhani imekwisha, akapaza sauti, "Aminaaa! Makofi kwa baba! Dijei, twende kazi!" Na muziki ukafunguka, ule mkubwa, na akina mama wa Dareda wakaanza vigelegele.

Sijui nilifikaje kwenye ile meza ya muziki. Nimevaa gauni la kushona na kilemba, miaka hamsini na moja mimi. Nilisema, "Zima! Zima hicho kitu! Hajamaliza!" Dijei akabonyeza kila kitufe. Kukawa kimya. Mshereheshaji anatafuta pa kujificha, watu wa Mbulu wamekunja nyuso, Sylvesta ameshasimama na kofia mkononi anaelekea mbele. Dua ilikuwa imekatika. Kwa taratibu zetu inaanzwa upya toka kwenye nchi, na kila mtu aliyekuwa pale aliona kwamba Teodori hana pumzi ya kuanza upya. Midomo ilikuwa imeshabadilika. Valeria alikuwa analia chini chini, make-up inashuka.

Teodori alimwinulia kaka yake kiganja. Sylvesta akasimama palepale alipofika.

Tukasubiri. Watu mia mbili, na chakula kinapoa, na hakuna aliyekohoa. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye meza ya muziki, mkono juu ya spika. Kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote sikutaka afanye haraka. Nilitaka achukue muda wote.

Hakurudi kwenye nchi. Hakwenda kwenye ng'ombe, wala ukoo hakuutaja, na nilisikia mzee mmoja akiguna nyuma yangu. Aliruka vyote akaenda moja kwa moja kwa mtoto. Aliweka mkono juu ya kichwa cha Valeria.

"Valeria," akasema. Akapumua. "Usichoke." Akapumua, na pumzi hiyo ilikuwa ndefu mpaka Filbert, akiwa magotini, akamshika kiwiko. "Usichoke... kama mama yako... alivyochoka kwa ajili yangu."

Hakuna mstari kama huo kwenye slufay. Sijawahi kuusikia, wala yeye kwenye mazoezi hakuwahi kuutamka. Wazee wakatazamana. Sylvesta alikuwa wa kwanza kuitikia, kwa sauti kubwa, kofia kifuani. Kisha wote, Mbulu na Dareda, wakaitikia mara moja.

Kipaza sauti kikaanguka magotini mwake. Nilipomfikia alikuwa ananitafuta kwa macho, anataka kusema kitu kingine, nikamwambia nyamaza, Teodori, nimesikia.